Gari Lililokuwa na Joto

Mtu aliyemuua Évode Nshimirimana alimpiga mara saba kichwani, na kwa maelezo ya daktari pigo la pili tu lilikuwa limetosha.

"Hayo mengine matano ni hasira," daktari alisema, akafunga begi lake.

Inspekta Dativa Kaijage alibaki amechuchumaa kando ya maiti. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, katikati ya Januari. Kulikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka, na baridi ilikuwa nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Damu iliganda kabla haijapata nafasi ya kuenea. Upande wa kushoto wa uso wa mzee yule ulikuwa umebonyea wote, jicho likiwa limeingia ndani. Alivaa koti zito juu ya nguo za kulalia na mabuti bila soksi. Mkono wake wa kulia bado ulikuwa umeshika tochi.

Kiwanja kile cha changarawe kiko kando ya ziwa, chini ya maghorofa ya Hallunda. Tangu Oktoba yalikuwa yameegeshwa pale magari matatu ya kuishi, yale ambayo Waswidi huyaita magari-nyumba: ndani kuna kitanda, jiko na kabati. Jeupe lilikuwa la marehemu. La buluu lilikuwa la mwanafunzi wa Kitanzania aitwaye Goodluck Temba. La kijivu lilikuwa la Mkenya mmoja, Jimmy Kariithi. Évode alikuwa ameanguka katikati ya yote matatu.

Torbjörn Lindh, mpelelezi mwenzake Dativa, alikuja akipuliza viganja.

"Theluji ilianza jana saa mbili usiku, ikakatika saa tano," alisema kwa Kiswidi. "Sentimita ishirini."

"Na juu ya maiti hakuna hata chembe."

"Kwa hiyo aliuawa baada ya saa tano."

"Nyayo?"

"Zimevurugwa zote. Dereva wa gari la kuondoa theluji alifika saa moja, akamkuta yule bwana amesimama juu ya maiti. Yule bwana akasema ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini. Halafu wakaja watu wa ambulensi, wakakanyaga kila mahali."

Yule bwana alikuwa Jimmy. Alikaa kwenye ngazi ndogo ya gari lake la kijivu, mikono mfukoni, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mtu mpana wa mabega, umri miaka arobaini hivi. Dativa alimwendea, akamsalimia kwa Kiswahili. Jimmy akainua macho haraka.

"Wewe ni wa wapi, madam?"

"Bukoba. Nimekuja huku nikiwa na miaka tisa. Nieleze ulichokiona."

"Mimi sina maneno mingi. Niliondoka hapa jana saa moja jioni, nikazima hita, nikaenda kazi. Napeleka mikate kwa maduka kule Vällingby usiku kucha. Nimerudi saa moja asubuhi, nikapata mzee amelala hivyo. Hata ndani ya gari langu sijaingia."

"Unazima hita kwenye baridi kama hii?"

"Dizeli ni ghali. Nani nitamchomea na mimi siko?"

"Unaishi peke yako?"

"Peke yangu."

"Marehemu alikuwa na ugomvi na mtu?"

Jimmy alitazama gari la buluu. "Sipendi kusema mambo ya watu. Lakini Jumamosi huyo kijana na mzee walipigiana kelele hapa mpaka nikatoka nje. Muulize mikono yake imefanya nini."

Torbjörn alikwisha kuwapigia simu waajiri wa Jimmy. Ofisi yao ilikuwa bado haijafunguliwa.

Dativa alianzia kwenye gari la marehemu. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Ndani kulikuwa na joto la nyuzi ishirini na moja, na hita ilikuwa bado inanguruma taratibu chini ya kiti. Alikuwa ameishi Uswidi miaka thelathini na tano, lakini hakuwahi kuona mtu aliyejiandaa kwa majira ya baridi namna ile. Kuta zote zilikuwa zimevishwa sufu ya kondoo, kisha mbao juu yake. Kila dirisha lilikuwa na kifuniko chake cha karatasi ya kung'aa, kimekatwa kwa kipimo. Madumu ya maji yalikaa sakafuni mahali hewa ya moto inapopita, yasigande. Mitungi ilikuwa ya gesi ile tu inayowaka hata kwenye baridi kali. Kwenye mlango, kwa mwandiko mkubwa, alikuwa amebandika karatasi: *Usizibe tundu la hewa. Futa unyevu kila asubuhi. Koleo likae ndani, siyo nje. Futa theluji kwenye bomba la hita.*

Kwa mujibu wa kumbukumbu za manispaa, Évode alikuwa na miaka hamsini na nane, Mrundi, msafishaji wa treni. Nyumba yake alikuwa amemwachia bintiye na wajukuu watatu, yeye akahamia humu.

Blanketi lilikuwa limetupwa pembeni. Miwani ilikuwa juu ya mto.

"Aliamshwa," alisema Torbjörn.

"Ndiyo. Lakini aliamshwa na nini? Mtu anayekimbia hatari hafungi zipu ya koti mpaka kidevuni. Huyu alitoka kwenda mahali, na alitaka kuona anakokwenda. Hata soksi aliona zitamchelewesha."

Walipotoka nje Dativa alisimama. Nyuma ya gurudumu la mbele la gari jeupe, theluji ilikuwa na shimo la duara, pana kama ndoo, limechimbika mpaka kwenye changarawe. Kingo zake zilikuwa za barafu laini. Juu yake lilitokeza bomba dogo lenye unene wa kidole gumba, likitoa moshi.

"Hilo ni bomba la hita," alisema Torbjörn. "Moshi wake ni wa moto."

Dativa aligonga gari la buluu.

Goodluck Temba alifungua akiwa amevaa makoti mawili. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, macho mekundu, midomo imepasuka kwa baridi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Tunaingia."

Ndani hapakuwa na tofauti na nje. Pumzi zao zilitoka kama moshi. Vifundo vya mkono wa kulia wa Goodluck vilikuwa vimechubuka mpaka nyama ikaonekana.

"Usiku ulikuwa wapi?"

"Humu. Nililala saa nne. Sikusikia kitu."

"Hita ilikuwa inafanya kazi?"

"Ndiyo. Imezimika alfajiri hii tu."

Dativa aliinama, akainua dumu la lita ishirini lililokuwa chini ya meza. Alilipindua. Halikutoa sauti yoyote. Maji yalikuwa yameganda yote, plastiki ikavimba na kupasuka ubavuni.

"Lita ishirini haziwi jiwe kwa saa tatu," alisema. "Na tazama kioo chako. Mtu akilala kwenye gari hivi, pumzi yake hugeuka barafu kwenye kioo. Chako kikavu. Hukulala humu, Goodluck. Sasa mkono huo uliupiga wapi?"

 Kijana alimsukuma Torbjörn kifuani kwa nguvu zake zote. Torbjörn alianguka kinyumenyume nje ya mlango, na Goodluck akamruka, akakimbilia barabarani.

Hakufika. Theluji ilimpunguza mbio, na Dativa, aliyekuwa amepita upande wa nyuma ya gari, alimkwatua miguu. Alitua kifudifudi kwenye ukingo wa barafu uliosukumwa na gari la kuondoa theluji, pua ikavunjika kwa mlio mkavu. Torbjörn alifika akiwa amechafuka kwa hasira, akamkandamiza goti mgongoni, akamkunja mkono mpaka kijana akapiga yowe.

"Mwachie apumue," alisema Dativa. "Torbjörn. Mwachie."

Walimketisha. Damu ilimtiririka kidevuni, ikadondoka kwenye makoti yote mawili.

"Sikumuua," alisema. "Wallahi nakuapia, dada, mzee Évode alikuwa ananipa chakula."

"Basi ulikuwa wapi?"

"Flemingsberg. Hospitali, sehemu ya kusubiria wagonjwa wa dharura. Hita yangu ilikufa Alhamisi. Nimeipiga ngumi hiyo hita mpaka mkono ukawa hivi. Kila usiku naenda kukaa pale kama mtu aliyeleta mgonjwa. Kuna muuguzi wa Moshi, dada Adelina, alinipa blanketi. Leo nimerudi nikakuta ambulensi hapa, nikaingia garini kimya kimya. Mpigie."

"Kwa nini ulidanganya? Kwa nini ulikimbia?"

"Kibali changu cha kukaa kimekwisha tangu Desemba. Nilijua mkinishika tu, narudishwa."

Dativa alipiga simu hospitalini, akapitishwa sehemu mbili. Muuguzi Adelina alikuwa anavua sare aende nyumbani. Alijibu bila kusita: kijana alikaa pale tangu saa nne usiku mpaka saa moja asubuhi, kwenye kiti cha pembeni, na yeye Adelina ndiye aliyemwamsha.

Torbjörn alimpa Goodluck kitambaa cha kuzuia damu, bila kumtazama usoni.

"Jumamosi mligombania nini na mzee?" Dativa aliuliza.

"Alitaka twende pamoja tukabishe kwa Jimmy. Mimi nikamwambia aachane na mambo ya watu na wake zao. Akaniambia mimi siyo mwanaume." Aligeuza uso. "Alisema kama siendi, ataenda peke yake siku akisikia tena."

"Akisikia nini?"

"Jimmy akimpiga Anitha."

Dativa aliacha kuandika. "Anitha ni nani?"

"Wanaishi wote humo. Mdada wa Bujumbura. Siku hizi hatoki. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa wiki mbili zilizopita, jicho moja limefumba."

Dativa alitazama ng'ambo ya kiwanja. Jimmy alikuwa bado amekaa kwenye ngazi yake, mgongo ameuegemeza kwenye mlango. Tangu polisi wafike alikuwa hajasogea hata hatua moja kutoka pale, kwenye baridi ya nyuzi kumi na tisa, na gari lake mwenyewe liko nyuma yake.

Dativa aliinamia gari la buluu kwanza. Chini ya bomba la hita theluji ilikuwa tambarare, haijaguswa. Kisha akalizunguka gari la kijivu kwa upande wa ziwa, mahali Jimmy asipoweza kumwona, akapiga magoti.

Nyuma ya gurudumu la mbele kulikuwa na shimo, pana kama ndoo, mpaka kwenye changarawe.

Alirudi kwa Torbjörn, akasema kwa sauti ya chini. "Anasema alizima hita saa moja jioni. Theluji imeanza saa mbili. Kama hita ilikuwa imezimwa, theluji ile ingekuwa nzima chini ya bomba, kama kwa kijana. Hita ya Jimmy iliwaka usiku kucha."

"Alikuwa ndani, basi. Ametudanganya."

"Alikuwa ndani. Na amesema anaishi peke yake. Huyo mwanamke hajaonekana akitoka, na sasa hita haitoi moshi. Ameizima wakati dereva anakuja, ili maneno yake yalingane. Ni karibu saa mbili zimepita. Fikiria kuna baridi gani humo sasa."

Torbjörn alikwisha kutoa simu kumpigia mwendesha mashtaka, kuomba ruhusa ya kulipekua gari. Mazungumzo hayakuchukua dakika. Wakati huo huo ujumbe uliingia: waajiri wa Jimmy walisema jana alitoa taarifa kuwa anaumwa.

Walimwendea kutoka pande mbili.

"Jimmy," alisema Dativa, "Anitha yuko wapi?"

Uso wa Jimmy haukubadilika, lakini mikono ilitoka mfukoni. "Ameenda kwa dada yake. Wiki iliyopita."

"Anwani?"

"Sijui anwani. Mimi siyo posta."

"Nani alilala humu na hita?"

"Ni ya kujiwasha. Nimeitegesha ijiwashe yenyewe, maji isigande."

"Umeniambia uliizima. Simama. Fungua mlango."

Jimmy alisimama polepole. Alitoa ufunguo, akauingiza, akausukuma mlango pembeni kama mtu aliyechoka na maswali. Ndani kulikuwa giza. Dativa aliona jiko, kabati, na nyuma kabisa kitanda kilichoinuliwa juu ya sanduku la mbao, urefu wa kiuno. Mbao zilikuwa kuukuu, zimepakwa rangi. Skrubu zilikuwa mpya, ziking'aa, ishirini au zaidi, zimepigiliwa ovyo kuzunguka ukingo wote.

Aliweka mkono kwenye fremu ili apande.

Jimmy aliubamiza mlango kwa nguvu zake zote.

Mfupa wa mkono wa kulia wa Dativa ulikatika kati ya kiwiko na kifundo, naye akausikia kabla hajauhisi. Jimmy alinyakua koleo la theluji lililokuwa ubavuni mwa gari, akalizungusha kwa mikono yote miwili. Lilimpata Torbjörn begani, likamtupa chini. Liliinuka tena, ukingo wa chuma ukielekea shingoni mwake.

Dativa alichomoa mkebe wa dawa ya pilipili ya kupuliza kwa mkono wa kushoto, akampulizia Jimmy machoni kutoka hatua moja. Jimmy alinguruma, akapiga koleo bila kuona. Likachana paji la uso la Dativa, damu ikamfunika jicho. Aliendelea kupuliza mpaka mkebe ukaisha. Torbjörn, akiwa bado amelala chali, alikunjua rungu lake la chuma, akalipiga goti la Jimmy mara moja, mara mbili, mara tatu. La tatu lilivunja kitu. Jimmy alianguka akitukana kwa Kikuyu. Askari wawili waliokuwa kwenye utepe wa polisi walifika mbio, wakamlalia. Hata baada ya pingu alikuwa akipiga kichwa chini na kupiga kelele: "Ni mke wangu! Ni mke wangu, huyo mzee ilikuwa inamhusu nini?"

"Bisibisi," alisema Dativa. "Leteni bisibisi."

Hakuna aliyesubiri bisibisi. Goodluck alitokea na nondo ya kufungulia matairi kutoka gari lake, pua yake bado inavuja damu. Aliichomeka chini ya ubao, akalala juu yake kwa uzito wote. Mbao zilipasuka moja moja.

Anitha alikuwa ndani, amekunjwa kiubavu, magoti yamegusa kidevu. Mikono ilikuwa imefungwa nyuma kwa mkanda wa kufungia mizigo. Mdomo ulikuwa umezibwa kwa utepe mpana unaozunguka kichwa mara kadhaa. Miguuni pake, kwenye taulo lililolowa na kuganda, kulikuwa na spana ndefu ya magurudumu, nywele nyeupe zimenata kwenye ncha yake. Jimmy alikuwa amemficha mwanamke na spana mahali pamoja, akisubiri barabara isafishwe aondoke na gari.

Dativa alipiga magoti, akaweka vidole vya mkono wa kushoto kwenye shingo ya Anitha. Ngozi ilikuwa baridi kama chuma cha gari. Alihesabu mpaka kumi bila kupata kitu. Akasogeza vidole.

"Yuko hai," alisema. "Ambulensi. Haraka."

Walimkata utepe kwa mkasi. Midomo ilikuwa imechanika, meno mawili ya mbele hayapo. Goodluck alivua makoti yake yote mawili, akamfunika, akabaki na fulana.

Iliwachukua wahudumu nusu saa kumpasha Anitha joto kabla hawajakubali gari liondoke. Dativa alikaa kwenye kiti cha pembeni, mkono umefungwa kwenye ubao, paji la uso limebandikwa plasta. Mhudumu alimwambia kwa Kiswidi kuwa mgonjwa asiulizwe chochote leo, kesho pengine. Dativa aliitikia kwa kichwa.

Anitha alifumbua jicho moja.

"Wewe ni polisi?" Sauti ilikuwa mkwaruzo tu.

"Ndiyo, mdogo wangu. Naitwa Dativa. Umeshatoka. Hawezi kukugusa tena."

"Yule mzee?"

Dativa alifikiria kumwambia asubiri daktari. Alimwangalia, akaona kuwa anajua.

"Amefariki."

Anitha alifumba jicho. Chozi lilishuka likaingia sikioni, wala hakuwa na nguvu ya kulifuta. Mhudumu alimgusa Dativa begani: basi, inatosha.

"Hapana," alisema Anitha. "Nataka kusema sasa. Nikienda kulala nitaanza kuogopa, halafu nitasema nilianguka. Kila mara nasema nilianguka. Andika."

Dativa alitazama mkono wake wa kulia uliovunjika. Akachukua kalamu kwa wa kushoto, akaegemeza daftari kwenye goti. Herufi za kwanza zilitoka kubwa na zimepinda, kama za mtoto wa darasa la kwanza.

"Sema polepole," alisema. "Naandika."

"Naitwa Anitha Niyonzima," alisema yule mwanamke. "Jimmy alikuwa ananipiga. Mzee Évode akaja kubisha hodi. Alisema, 'Mwanangu, vaa viatu, twende.' Nilikuwa tayari nimeshavaa kimoja."